Genova na watoto: kupanda kwanza, bahari baadaye

Familia nyingi zinazokwenda Italia hukimbilia Roma au Venezia. Genova, mji wa bandari wa kaskazini-magharibi, huachiwa abiria wa meli za kitalii wanaoshuka asubuhi na kuondoka jioni. Kwa mwenye watoto, mimi ningeuweka mbele ya miji hiyo miwili. Umejengwa kwenye mteremko mkali, na vyombo vya kuupandia ni burudani tosha.

Anzeni na lifti ya Montegalletto, karibu na stesheni ya Piazza Principe. Mnaingia kwenye kibanda, kinakwenda mlalo ndani ya handaki kama treni, kisha kinapanda wima hadi kwenye kasri la D'Albertis. Mtoto wa miaka sita ataomba mrudie, nanyi mrudie. Siku nyingine pandeni treni ya kamba kutoka Largo Zecca hadi Righi, ambako bandari yote inaonekana chini yenu na vijia vinaelekea kwenye ngome za zamani.

Vichochoro vya mji wa kale, wenyewe wanaviita caruggi, ni vyembamba na vina ngazi kila mahali. Aliyezoea Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja hatashangaa. Kigari cha mtoto kiacheni hotelini. Mtoto mchanga abebwe mgongoni kwa khanga, na anayetembea ashikwe mkono. Usiku rudini kwa barabara kubwa zenye taa.

Bandari ya kale, Porto Antico, ilifanywa upya na msanifu Renzo Piano, mzaliwa wa mji huohuo, kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1992, miaka 500 tangu safari ya Columbus. Hapo ndipo ilipo akwariamu, miongoni mwa zile kubwa za Ulaya. Kuna papa, pomboo, pengwini, na pia lamantini, ambao ni ndugu wa nguva wetu wa Rufiji. Mkazi wa pwani atauliza kwa nini alipe kuona samaki. Wapelekeni tu. Nunueni tiketi mapema mtandaoni, chagueni saa ya kwanza ya asubuhi, na siku hiyo msipange jambo jingine kubwa.

Kama kuna anayependa mitambo, siku ya pili ni ya Galata, makumbusho ya bahari yaliyo hatua chache kutoka hapo. Nje yake imefungwa nyambizi halisi ya jeshi, Nazario Sauro, na mnaingia ndani. Njia zake zinabana, kwa hiyo mwenye mtoto mdogo abaki nje naye.

Chakula kisiwape shida, ila saa zake zina masharti. Mikahawa mingi hufunga jiko alasiri na kufungua tena kama saa moja na nusu usiku, wakati watoto wa wengi wanasinzia. Duka la mikate ndilo mkombozi: nunueni focaccia, mkate bapa wenye mafuta ya zeituni, na farinata, inayopikwa kwa unga wa dengu, maji, mafuta na chumvi. Asiyekula nguruwe aulize kama unga wa focaccia umetiwa strutto, yaani mafuta ya nguruwe. Pesto nayo asili yake ni hapa, lakini ina mbegu za msonobari na jibini. Mwenye mtoto mwenye mzio ajihadhari.

Kuhusu ufuo, msitarajie mchanga wa Diani. Boccadasse, kijiji cha wavuvi kilichomezwa na mji, kina mawe matupu, hivyo bebeni viatu vya mpira. Aiskrimu itasaidia. Kwa kutembea, pandeni treni hadi Nervi: kuna njia ya kando ya bahari ya takriban kilomita mbili, na bustani zenye kindi wasioogopa watu.

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania akumbuke kwamba kila mtoto anaombewa viza yake ya Schengen. Aliye chini ya miaka sita halipiwi ada.

Nendeni Mei, Juni au Septemba. Agosti Waitaliano wote wako baharini, na treni za kwenda vijiji vya pwani vya Cinque Terre hujaa hadi mlangoni. Mkiwa na watoto wadogo mwezi huo, Cinque Terre msiende kabisa.