Ramadhani 11: Raba za Olajuwon



Tafakari ya leo inatoka mahali ambapo huenda wengi hamkupatarajia, uwanja wa mpira wa kikapu. Wiki hii, kwenye safu za nyuma za tarawehe, jezi za wachezaji wa Marekani zimekuwa nyingi kuliko kanzu, na baadhi ya wazee wetu wameuliza: hawa vijana wanajifunza nini kwa watu wale? Swali ni zuri, na linastahili kujibiwa badala ya kuwagombeza vijana. (Hukumu ya kuswali na jezi yenye maandishi mgongoni tuiache kwa siku nyingine, inataka darsa lake.)

Tuanze na aliye wetu. Hakeem Olajuwon alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1963. Akaenda Houston kusoma na kucheza, na mwaka 1994 na 1995 akaiongoza Houston Rockets kuchukua ubingwa wa NBA mara mbili mfululizo. Habari ya funga yake wengi mnaijua: alikuwa anacheza mechi za Ramadhani huku amefunga, na Februari 1995, mwezi ambao Ramadhani iliingia tangu mwanzoni, ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Hiyo husimuliwa kila mwaka na sitairefusha. Iliyo muhimu zaidi kwangu ni habari ya viatu vyake, ambayo husimuliwa kwa nadra.

Miaka ile biashara ya raba ilikuwa hivi. Kampuni inamchukua mchezaji mwenye jina, inaliweka jina lake kwenye raba, na bei inapanda mpaka inavuka dola 100. Mashabiki ni watoto, na mtoto hana dola 100. Anayo mama yake, au hata yeye hana. Katika mitaa ya watu wa kipato cha chini kwenye miji ya Marekani, watoto waliibiana raba hizo, na wapo waliouawa kwa sababu yake. Sasa Olajuwon, akiwa ndiyo kwanza ametoka kwenye ubingwa, jina lake liko kileleni na makampuni makubwa yasingemkataa, akaingia mkataba na Spalding, kampuni iliyojulikana kwa mipira kuliko viatu. Raba zenye jina lake zikauzwa kwa takriban dola 35, kwenye maduka ya kawaida ambako mama wa kawaida hununua vitu vyake. Na alieleza wazi kilichomsukuma: alimfikiria mama mwenye mshahara mdogo na watoto wa kiume kadhaa, kila mmoja anadai raba.

Hebu lizingatie hilo, ndugu yangu. Hakugawa viatu bure. Aliuza, na biashara ni halali. Tofauti ni kwamba wenzake walipomtazama shabiki waliona pesa, yeye akamwona mama amesimama kwenye foleni ya malipo anahesabu noti.

Na hapa naomba wenye maduka mnisikilize vizuri, kwa sababu nawapenda na nafunga pamoja nanyi. Tende ya Shaabani na tende ya Ramadhani ni ile ile. Sukari vilevile. Magimbi, viazi vitamu, nazi, tambi. Wapo ambao kweli wamepandishiwa na muuzaji wa jumla, na hao hawana lawama, Allah awafidie. Lakini yupo ambaye mzigo wake uko stoo tangu miezi miwili nyuma, alinunua kwa bei ya zamani, na mwezi ulipoandama tu akapandisha. Anajua mteja hana pa kwenda, magharibi inamkaribia na watoto wanamsubiri. Mteja huyo anakuhitaji kuliko shabiki anavyomhitaji mchezaji. Mtu wa NBA aliishusha bei ya kitu cha starehe ili mama asiumie, sisi tunapandisha bei ya kitu cha kufuturia. Halafu usiku tunasimama safu ya mbele.

Haya, tuendelee.

Mwaka 2018 binti wa miaka tisa huko California alimwandikia barua Stephen Curry wa Golden State Warriors. Ilikuwa barua ya mtoto, kwa mkono. Alimwambia kwamba yeye ni shabiki wake, ameingia kwenye tovuti ya kampuni inayotengeneza raba za Curry, na kwenye sehemu ya wasichana hakuzikuta. Zipo kwa wavulana tu. Kwani wasichana hawachezi kikapu?

Curry angeweza kumtumia picha yenye sahihi na mambo yakaisha, na mtoto angefurahi. Alichofanya ni kuifuatilia ile hoja. Alizungumza na kampuni, kasoro ikarekebishwa, kisha naye akamjibu binti kwa mkono, kwa karatasi, akamwambia kwamba anachosema ni kweli. Akamtumia raba pia, lakini naona raba ndiyo sehemu ndogo ya habari hii. Sehemu kubwa ni kwamba mtu mzima mwenye shughuli zake alikubali kwamba mtoto wa miaka tisa ameona kitu ambacho yeye hakukiona.

Waislamu tunaijua tabia hii, na tunamjua mwenyewe hasa. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na mdogo wake, mtoto mdogo, akiitwa Abu Umayr, aliyekuwa na kijindege cha kuchezea. Kile kijindege kikafa. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiwatembelea nyumbani kwao alikuwa akimuuliza mtoto yule habari za kijindege chake, akimwita kwa lakabu yake kama mtu mzima. Huyu ni kiongozi wa umma, anapokea wajumbe wa makabila, anateremshiwa wahyi, na anakumbuka jina la mtoto na anakumbuka msiba wa mtoto. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Na ni Anas huyohuyo aliyesimulia, kama alivyopokea Bukhari, kwamba kijakazi yeyote wa Madina aliweza kuushika mkono wa Mtume (s.a.w.) na kwenda naye anakotaka.

Isome tena hiyo. Kijakazi hana nasaba ya kujivunia, hana mali wala jeshi, hana cha kumlipa mtu. Anaushika mkono na anaongoza yeye. Anayeongozwa ni mbora wa viumbe, na hasemi "nina haraka".

Curry huyo, kwa taarifa yenu, amefika nchini kwetu. Msimu wa 2012 hadi 2013 aliahidi vyandarua vitatu vyenye dawa kwa kila mtupo wa pointi tatu atakaouingiza, na msimu ule aliingiza 272, rekodi ya NBA wakati ule. Piga hesabu, ni zaidi ya vyandarua 800. Kiangazi cha 2013 alikuja mwenyewe Tanzania, mpaka kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, mkoani Kigoma, waliko ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo, akashiriki kugawa vyandarua. Wengi wa waliopokea hawakuwa mashabiki wake. Hawakuwa hata wanamjua.

Na Kobe Bryant, aliyefariki kwa ajali ya helikopta Januari 2020. Kuna shirika Marekani linaitwa Make-A-Wish, lilianza mwaka 1980, kazi yake ni kumtimizia ombi moja mtoto mwenye maradhi makubwa. Wapo wanaoomba safari, wapo wanaoomba kuonana na mtu. Kobe aliwapokea watoto zaidi ya 200 kwa njia hiyo. Hakuweza kuwaponya. Aliwapa muda wake, akakaa nao na kuzungumza nao. Sisi tumefundishwa kumtembelea mgonjwa kama haki ya Mwislamu juu ya mwenzake, na hapa mtaani kwetu kuna wagonjwa ambao hawajaweza kuja msikitini tangu Ramadhani iliyopita, na hawahitaji nyota wa kikapu, wanahitaji wewe uvuke barabara.

Najua wengine mnasema: hao wote wana mamilioni, tena wanafanya mbele ya kamera, na wengi si Waislamu. Tuyachukue hayo kwa uzito wake.

La si Waislamu ni jepesi. Mtume (s.a.w.) kabla ya utume alihudhuria nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an mapatano ya Makureshi ya kumsaidia aliyedhulumiwa, Hilful Fudhul, na baada ya Uislamu alieleza kwamba angeitwa tena kwenye jambo kama lile angeitikia. Wema ni wema.

La mamilioni, kweli. Lakini barua ya Curry ilihitaji kalamu na karatasi tu.

La kamera ndilo zito, na sitalikwepa. Barua ile ilizunguka dunia nzima na kampuni ikapata sifa, hakuna ubishi. Nia zao anazijua Allah, hatukuajiriwa kuzihesabu. Ila tazama picha ilionyesha nini. Ilimwonyesha mtoto akiwa ndiye mwenye haki na mchezaji akiwa ndiye anayejisahihisha. Mtoto alitoka mle ameinuliwa. Sasa fungua simu yako uangalie picha za kugawa futari zinazozunguka kwenye makundi mwezi huu. Mama wa watu ameshika mfuko wa unga na lita ya mafuta, ameambiwa atazame kamera, na nyuma yake wamesimama watu watano wanatabasamu. Jirani zake wataiona. Watoto wake watakejeliwa madrasa. Unga utaisha baada ya siku nne, picha ipo. Kama wafadhili wanataka ushahidi, piga picha magunia, piga picha gari, piga picha risiti. Uso wa yule mama muachie mwenyewe.

Nawe unayesoma hapa, usijitoe kwenye habari hii kwa kusema "mimi si mtu maarufu". Kila mmoja wetu ana mtu anayemtazama kutoka chini. Dada wa kazi nyumbani kwako anakutazama, naye amefunga kama wewe, na ndiye aliyesimama kwenye jiko la mkaa saa kumi akipika sambusa ambazo wewe utazilalamikia chumvi. Kijana wa dukani kwako anakutazama. Mwanafunzi wa juzuu amma anakutazama wewe ustadhi, na akikosea irabu huwa anakuangalia uso kwanza kabla hujasema neno. Mama mkwe, mkwe, mdogo wako wa mwisho. Mlinzi wa getini unayempita kila alfajiri na tasbihi mkononi, je, jina lake unalijua?

Na Ramadhani tumeipatia kisingizio. "Niache bwana, nimefunga." Basi sura inakunjwa kuanzia adhuhuri, salamu inaitikiwa kwa kichwa, mtoto anafukuzwa na swali lake mdomoni. Mtume wetu (s.a.w.), ambaye tumepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba alikuwa mkarimu kuliko watu wote, ndiyo kwanza ukarimu wake ulizidi mwezi huu. Mtu mwenye njaa anajua uzito wa uso mkunjufu kuliko aliyeshiba.

Nimalizie na Abdullah bin Umm Maktum (r.a.), yule kipofu. Mnaijua Suratu Abasa na sababu yake. Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa na wakubwa wa Kikureshi, anatumaini wasilimu, na kwa hesabu ya da'wa hao ndio waliokuwa na faida kubwa. Kipofu akaingia anataka kufundishwa. Mtume akakunja uso, uso ambao kipofu hakuuona hata, na Qur'ani ikateremka kwa ajili yake, na tunaisoma mpaka leo. Aliyekuja kwa hamu alikuwa na haki zaidi ya muda ule kuliko wale waliojiona hawahitaji kitu. Baada ya hapo Mtume (s.a.w.) alimkirimu, na zaidi ya mara moja alipotoka kwa safari akamwachia Madina.

Na Ramadhani alikuwa na kazi yake maalumu. Bilal (r.a.) aliadhini usiku bado upo, na watu waliendelea kula daku. Waliambiwa wale na wanywe mpaka aadhini Ibn Umm Maktum. Yeye alfajiri haioni, kwa hiyo ilikuwa lazima aambiwe na watu kwamba kumekucha ndipo aadhini. Mji mzima, wakubwa kwa wadogo, mkono ukiwa kwenye tende, walikuwa wakiisikiliza sauti ya kipofu yule.

Kesho in shaa Allah: zakatul fitri, kiasi chake na wakati wa kuitoa. Leteni maswali kabla ya Isha.