Jiwe Kwenye Springi

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha nilimpa mtoto sifuri, naye alikuwa na haki. Swali lilikuwa hili: jiwe la mizani la gramu 200 limefungwa kwenye springi, na likitulia huivuta sentimita 5. Je, likishikwa springi ikiwa haijavutika, kisha likaachiliwa ghafla, litashuka umbali gani? Mimi nilitaka 5; mtoto aliandika 10. Alikwisha kujaribu.

Kosa langu lilikuwa kulinganisha kani pale palipopasa kuhesabu nishati. Uzito wa jiwe ni nyutoni 2 (tukichukua g = 10). Kwa hiyo, kwa kanuni aliyoitangaza Robert Hooke mwaka 1678, ugumu wa springi ni nyutoni 40 kwa mita. Kwenye sentimita 5 kani mbili zinalingana, lakini jiwe halisimami hapo, kwa kuwa lina mwendo. Kwa kushuka mita 0.05 limepoteza jouli 2 × 0.05 = 0.1 za nishati ya kimo. Springi imeweka akiba ½ × 40 × 0.05² = 0.05 tu. Nusu iliyobaki ni nishati ya mwendo, nayo hulipeleka jiwe chini zaidi, hadi 2x = 20x², yaani x = 0.1: sentimita 10. Hapo huvutwa juu tena, na mtetemo huendelea. Kila mtetemo kamili huchukua 2π√(m/k), takriban sekunde 0.44.

Mtoto hodari atauliza: nikilishusha jiwe polepole kwa mkono hadi litulie, ile nusu nyingine imekwenda wapi? Usimkemee. Mkono ndio ulioichukua, kwani ulikuwa ukilizuia jiwe njia nzima.

Hesabu hizi ni zako wewe mwalimu. Watoto wa shule ya msingi waone kwanza. Chora alama za sentimita ubaoni nyuma ya springi, kila mmoja aandike kisio lake, ndipo uliachilie jiwe. Kwa kuwa jicho haliwahi kuliona, shika ukingo wa karatasi kwenye alama ya 9: jiwe litaugusa. Kisha wahesabu mitetemo 20. Itachukua kama sekunde 9, au zaidi kidogo, kwa sababu springi nayo ina uzito wake. Ukikosa springi ukatumia utepe wa mpira wa baiskeli, jiwe litapanda na kushuka vilevile, ila hesabu hazitatokea sawasawa, kwani mpira haufuati kanuni ya Hooke vizuri.