Kichwa cha Kinasasauti na Unukuzi wa Taarab ya Mvita

Makala haya yanajadili tatizo ambalo wanafunzi wa fasihi simulizi hulitaja kwa nadra: mashine anayoitumia mtafiti kusikilizia kanda kuukuu yaweza kumbadilishia matini.

Sehemu kubwa ya taarab ya Mombasa ilienea kwa kaseti. Katika Mji wa Kale, duka la Mbwana Radio Service lilirekodi na kuuza kanda hizo. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi mengi ya Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita (1971). Basi anayezinukuu kanda za namna hii ananukuu ushairi wa Kimvita.

Vinasasauti vya zamani aghalabu vimeharibika: mikanda ya mpira imelegea, mota zimekufa. Hapana budi kutumia mashine mbadala, na hapo ndipo penye hatari. Utepe hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Sauti ya mitetemo 8,000 kwa sekunde huchukua takriban milimita 0.006 tu kwa kila mtetemo. Kichwa cha mashine mbadala kikiinama tofauti kidogo na kile kilichorekodi, sauti nyembamba hufifia ilhali nzito husikika vyema. Msikilizaji hudhani kanda imechakaa.

Zinazofifia kwanza ni s na sh, pamoja na mpumuo. Sina na shina hukaribiana. Katika Kimvita hasara huzidi, kwani mpumuo hutofautisha maana: paa la nyumba na p'aa wa mwituni. Mnukuzi aliyezoea maandishi ya Kiswahili Sanifu, yasiyoonyesha mpumuo, hatatambua hata kwamba kuna kilichokosekana.

Dawa yake ni bisibisi ndogo. Kando ya kichwa pana skrubu ya kukiinamisha; huzungushwa polepole, kanda ikiendelea kucheza, hadi s isikike kali kabisa. Hurudiwa kwa kila kanda na kila upande. Ndipo sauti iingizwe katika kompyuta, katika faili isiyobanwa. Wako wanaoanzia kwenye kompyuta wakitumaini programu itasafisha. Programu haiwezi kurejesha ambacho kichwa hakikusoma.

Katika unukuzi yafaa itajwe mashine iliyotumiwa, na iwapo kichwa kilirekebishwa. Neno lenye shaka litiwe alama, lisikisiwe kwa kufuata vina pekee: kina hakimwambii mnukuzi kama mshairi alikusudia paa au p'aa.