Jina la Faili na Kilichomo: Somo la Kuzuia Aina za Faili katika Seva ya Shule

Shule inapopata kompyuta zaidi ya moja, aghalabu huziunganisha na kompyuta moja iitwayo seva, ambayo diski yake huwa ghala la watu wote. Humo walimu huweka maandalio ya masomo na alama za mitihani, na wanafunzi huweka kazi zao. Haupiti muda mrefu ghala hilo huanza kujaa nyimbo na filamu, na siku moja mwalimu wa taaluma hutaka kuhifadhi matokeo ya muhula akajibiwa na mashine kwamba nafasi imekwisha. Hapo ndipo husikika shauri la kupiga marufuku aina fulani za faili. Mwanachuo asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Mwalimu mgeni, maadam ni kijana, ndiye anayekabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta, wakati mwingine kabla hajakabidhiwa hata chaki.

Tumeona katika mazoezi ya kufundisha kwamba wanachuo wengi wanaolifikia jambo hili huandika ubaoni orodha ya faili zilizokatazwa, na wanafunzi wakainakili. Orodha ya namna hiyo haimfundishi mtoto kitu. Hajui kwa nini kimekatazwa kile na kikaruhusiwa hiki, wala hajui mashine inatambuaje. Katika makala haya tunapendekeza njia nyingine kwa darasa la sita au la saba. Lakini kwanza yafaa mwalimu mwenyewe alielewe jambo lenyewe barabara.

Kizuizi kinavyofanya kazi

Jina la faili huwa na sehemu mbili zinazotengwa na nukta. Herufi zinazofuata nukta ya mwisho huitwa kiendelezi, nazo hudokeza aina ya faili: .txt ni maandishi matupu, .mp3 ni sauti, .exe ni programu. Katika seva za Windows kimo chombo kiitwacho File Server Resource Manager, kilichoingia pamoja na Windows Server 2003 R2 mwaka 2005. Msimamizi hutaja folda anayotaka kuilinda, kisha hutaja viendelezi visivyotakiwa humo. Mtu akijaribu kuhifadhi faili yenye kiendelezi hicho, seva hukataa. Chombo hicho kinaweza pia kuwekwa katika hali ya kuangalia tu: faili hupita, ila msimamizi huarifiwa. Kwa maoni yetu, shule ingeanza na hali hii ya pili kwa muda, ili ijulikane nani huhifadhi nini na kwa ajili gani, kabla ya mlango kufungwa.

Shule zisizotumia Windows kwenye seva zao huweza kutumia Samba, programu ya bure iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia. Nayo hupokea orodha ya majina yaliyokatazwa, lakini tabia yake ni tofauti, na tofauti hiyo si ndogo. Kizuizi cha Windows hakigusi faili zilizokuwamo kabla ya amri kutolewa. Zinabaki na zinaonekana. Samba huzificha kabisa: mtumiaji hazioni wala hawezi kuzifungua, ingawa bado zimo katika diski na zinakula nafasi ile ile. Mwalimu asiyelijua hili atadhani kwamba faili za watu zimefutwa, na atawatia wenzake hofu bure.

Jambo la kushika ni kwamba vyombo vyote viwili husoma jina tu. Havifungui faili kutazama kilichomo. Mwanafunzi akiubadili wimbo.mp3 uwe wimbo.txt, utapita mlangoni bila kuulizwa, na ukirudishiwa jina lake utalia kama kawaida.

Somo la makopo

Kwa somo hili twahitaji makopo manne yenye vifuniko, karatasi za kubandika, unga kidogo, maharage na kokoto. Mwalimu abandike majina: UNGA, MAHARAGE, CHUMVI, KOKOTO. Ndani ya kopo la UNGA na utiwe unga, na ndani ya kopo la MAHARAGE yatiwe maharage. Lakini kopo la CHUMVI litiwe kokoto, na lile la KOKOTO litiwe maharage. Wanafunzi wasione anapoyatayarisha.

Meza ya mbele na iwe ghala. Amri ni moja: kokoto haziingii ghalani. Mwanafunzi mmoja awe bawabu, naye ameruhusiwa kusoma majina tu, si kufungua. Wenzake wamletee makopo moja moja. Bila shaka atalirudisha lile lililoandikwa KOKOTO na kuyapitisha matatu mengine. Kisha makopo yafunguliwe mbele ya darasa.

Hapo mwalimu asikimbilie kueleza. Awaulize wanafunzi bawabu amekosea wapi, na asubiri. Watasema mara moja kwamba amepitisha kokoto zilizojificha kwa jina la chumvi. Kosa la pili huchelewa kuonekana: amekizuia chakula kizuri kwa sababu ya jina baya. Mwalimu asilitaje mpaka mwanafunzi alitaje mwenyewe, hata ikichukua dakika kadhaa. Darasa likishayaona makosa yote mawili, ateuliwe bawabu wa pili anayeruhusiwa kufungua vifuniko. Wanafunzi waseme kazi yake ina faida gani kuliko ya yule wa kwanza, na kwa nini anachelewesha foleni.

Kutoka makopo kwenda kwenye kompyuta

Sasa wanafunzi waonyeshwe kwamba faili nazo zaweza kufunguliwa vifuniko. Aina nyingi za faili huanza na alama maalumu, kama mtu anayetia sahihi juu ya barua badala ya chini. Faili ya PDF huanza na %PDF. Picha ya aina ya GIF huanza na herufi hizo hizo tatu, GIF. Faili iliyobanwa kwa njia ya ZIP huanza na PK, yaani herufi za kwanza za jina la Phil Katz aliyeibuni, na programu za Windows huanza na MZ, herufi za Mark Zbikowski, aliyekuwa mmoja wa wahandisi wa Microsoft. Wanafunzi hupenda sana kusikia kwamba majina ya watu yamefichwa humo. Katika mifumo ya jamii ya Unix imo amri iitwayo file, iliyokuwapo tangu mwaka 1973, ambayo kazi yake ni kusoma alama hizo na kusema aina ya faili bila kujali jina lake.

Kwa jaribio la darasani, mwalimu atengeneze nakala ya picha na nakala ya PDF, abadili viendelezi vyote kuwa .txt, kisha azifungue kwa programu ya kuandikia maandishi matupu. Utaonekana mchafuko wa alama zisizosomeka, lakini mstari wa kwanza utaitoa siri. Atumie nakala, wala asihifadhi chochote anapofunga, kwa kuwa programu hiyo yaweza kuiharibu faili. Hali kadhalika akumbuke kwamba Windows kwa kawaida huvificha viendelezi inavyovifahamu. Sharti kwanza airuhusu ivionyeshe, la sivyo jaribio lote halitaeleweka.

Ufichaji huo umewahi kuleta hasara duniani. Tarehe 4 Mei 2000 vilianza kuenea kwa barua-pepe virusi vilivyoitwa ILOVEYOU. Faili iliyoambatanishwa iliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Watu wengi waliona .TXT tu, wakadhani ni maandishi, kumbe kiendelezi cha kweli kilikuwa .vbs, yaani programu. Mwanafunzi aliyeuona mchezo wa makopo atalielewa tukio hili bila msaada.

Hesabu ya nafasi

Hapa TEHAMA na Hisabati hukutana, nasi twashauri mwalimu asiiruke sehemu hii. Katika maandishi matupu, kila herufi ya Kiswahili huchukua baiti moja. Lugha yetu haina alama za juu ya herufi zinazoongeza gharama. Andalio la somo lenye herufi 4,000 basi ni baiti 4,000. Wimbo wa .mp3 wa kiwango cha biti 128,000 kwa sekunde huchukua baiti 16,000 kila sekunde, maana baiti moja ni biti 8. Kwa dakika nne ni baiti 3,840,000. Wanafunzi wagawanye wenyewe: wimbo mmoja unakalia nafasi ya maandalio 960. Filamu ya saa mbili, ya biti 2,000,000 kwa sekunde, itafika baiti 1,800,000,000, yaani maandalio 450,000. Tarakimu hizi huwanyamazisha hata walimu wanaolalamikia kizuizi.

Lakini hesabu hiyo hiyo inaonyesha jambo jingine. Ikiwa shida ni nafasi, dawa iliyo karibu zaidi ni kumpimia kila mtumiaji kiasi chake, ambacho Windows na Linux zote huweza kukisimamia. Kizuizi cha aina za faili kinafaa zaidi pale ambapo aina yenyewe ndiyo hatari, kama vile programu zisizojulikana zilikotoka. Msimamizi anayekataza sauti zote kwa sababu ya wachache wanaojaza nyimbo anamkata mkono aliyeumwa jino.

Kusudi halisomwi na mashine

Katika shule moja tuliyokagua mazoezi ya kufundisha, mwanachuo aliwatuma wanafunzi wa darasa la tano kuwahoji wazee wa kijiji juu ya kisima cha zamani. Walirejea na mazungumzo saba, yote yamenaswa kwa simu ya mwanachuo huyo. Alipotaka kuyahifadhi katika seva ya shule, akakataliwa. Ujumbe ulisema tu kwamba hana ruhusa. Hakuwapo wa kumwambia sababu wala wa kumwombea ruhusa. Mazungumzo yakabaki katika simu, simu ikaibwa stendi ya basi, na kabla ya muhula kwisha mmoja wa wazee wale alikuwa amefariki.

Katika kisa hiki bawabu wa kwanza hakukosea kusoma jina: faili zilikuwa .mp3 kweli. Bawabu wa pili naye angefungua kifuniko akakuta sauti kweli. Kilichohitajika kujulikana ni kusudi, na hilo hujulikana kwa kumwuliza mwenye faili. Kwa bahati njema vyombo vyenyewe vinaacha nafasi kwa ajili hiyo. Katika File Server Resource Manager msimamizi anaweza kuitaja folda moja iliyo ndani ya folda iliyozuiwa, na kuiruhusu peke yake ipokee sauti. Folda ya masimulizi ya wazee ingetengenezwa kwa dakika chache. Ujumbe anaopelekewa mtumiaji kwa barua-pepe baada ya kukataliwa nao waweza kuandikwa kwa Kiswahili, ukataja sababu na jina la cheo cha mwalimu wa kumwendea.

Kwa hiyo dakika kumi za mwisho za somo tungetaka zitumike hivi. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi, kila kikundi kiwe kamati ya seva ya shule. Wapewe maombi matatu: kwaya inataka kuhifadhi nyimbo za kushindania mashindano ya wilaya, mwanafunzi ameleta mchezo wa.exe aliopewa na binamu yake. Mwalimu ana filamu ya saa mbili kuhusu mbuga ya Serengeti. Kila kamati iamue, iandike sababu yake kwa sentensi moja, na iseme kama inazuia kwa jina, kwa kipimo cha nafasi, au inatoa ruhusa ya folda maalumu. Majibu yatatofautiana, hasa juu ya filamu. Mwanachuo aandike ubaoni sababu zote mbili zinazopingana, na awaachie wanafunzi wazijadili mpaka kengele ilie.