Farasi ndani ya kiboko: neno la Kiholanzi «nijlpaard»

Waholanzi, na Waflamand wa Ubelgiji pia, humwita kiboko nijlpaard. Anayeanza kujifunza lugha yao hulikata neno hilo bila shida: Nijl ni mto Nile, paard ni farasi. Kichwa cha neno ambatani kiko mwisho, nacho ndicho kinachotoa jinsia: het paard, kwa hiyo het nijlpaard.

Lakini kwa nini farasi? Aliyemwona kiboko akitoka majini hawezi kumfikiria farasi. Wazo ni la Wagiriki, waliounganisha hippos, farasi, na potamos, mto. Herodoto, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alimpa kiboko hata manyoya ya shingoni na mkia wa farasi! Kifaransa kilichukua neno zima, hippopotame. Kiholanzi kilifasiri, kikaweka Nile mahali pa mto.

Sasa tujaribu kulikata paard. Halikatiki, ni silabi moja. Hata hivyo lilitokana na paraveredus, neno la Kilatini cha mwishomwisho lililomtaja farasi wa ziada wa posta ya Roma, wa kutumika nje ya barabara kuu. Para ni Kigiriki, «kando». Veredus, farasi wa posta, Warumi walilipata kwa Wagaule. Paard lenyewe, basi, ni neno ambatani lililochakaa. Tunalijua hilo kwa sababu ndugu zake hawakuchakaa sawasawa: Kijerumani kina Pferd, na palefroi ya Kifaransa bado ina silabi ambazo Kiholanzi kimezimeza.

Mtego uko kwa chui, luipaard. Lui ni «mvivu». Je, chui ni farasi mvivu? Hapana. Neno lilipitia Kifaransa cha kale, leupart, kutoka leopardus ya Kilatini, na asili yake ni Kigiriki: leon, simba, na pardos, chui. Hamna farasi humo.

Nasi tunaoandika lugha zisizo na maandiko ya kale tunakutana na mtego huohuo. Ki- ya kitabu ni sehemu ya neno la Kiarabu, kitab. Wasemaji wakaisikia kama kiambishi, wakasema vitabu. Kisarufi hawakukosea, kihistoria hakuna kiambishi. Katika daftari la utafiti majibu hayo yanahitaji safu mbili, na ile ya historia ibaki tupu mpaka neno lilinganishwe na ndugu zake wa lugha jirani.