Mada ya Tisa: Majina ya Kikoa na Alama za Biashara Maarufu

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, uweze:
(a) kueleza tofauti kati ya jina la kikoa, jina la biashara na alama ya biashara;
(b) kutaja mambo matatu ambayo mlalamikaji hutakiwa kuyathibitisha;
(c) kubainisha majina salama na majina ya hatari kwa mifano ya Shinyanga na Geita;
(d) kueleza hatua za kuchukua kabla ya kusajili jina, na baada ya kupokea barua ya malalamiko.

9.1 Utangulizi

Ukipita Kahama, Katoro au Geita mjini utaona biashara nyingi zinazoishi kwa mzunguko wa fedha ya dhahabu: maduka ya spea za pikipiki, wauzaji wa vifaa vya wachimbaji wadogo, mawakala wa fedha za simu na nyumba za wageni. Wengi wanaoziendesha ni vijana waliomaliza sekondari kama utakavyomaliza wewe. Biashara ikikua, mwenyewe hutaka tovuti. Anatafuta jina, anaona lenye chapa maarufu bado halijachukuliwa, analilipia siku hiyohiyo. Anachora kibao, anachapisha kadi, anabandika stika kwenye bodaboda. Miezi michache baadaye anapokea barua ya wakili.

Ada ya kusajili jina ni ndogo. Hasara kubwa iko kwenye kibao, kadi na wateja waliokwisha kulizoea jina ambalo sasa analazimika kuliacha. Kwa hiyo shika kanuni hii: jina kuwa wazi si sawa na jina kuwa lako.

9.2 Maneno ya msingi

*Jina la kikoa* ni anwani ya tovuti kwenye intaneti. Kwa Tanzania, majina haya huishia na .tz na yako chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Biashara hutumia .co.tz, asasi .or.tz, shule .sc.tz, vyuo .ac.tz na serikali .go.tz.

*Jina la biashara* ni jina ambalo mtu au kampuni hufanyia biashara. Kwa Tanzania Bara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA).

*Alama ya biashara* ni neno, nembo au mchanganyiko wake unaotofautisha bidhaa au huduma za mtu mmoja na za mwingine. Nayo husajiliwa BRELA, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake ya usajili.

*Alama maarufu* ni ile inayojulikana sana kwa umma unaohusika. Mkataba wa Paris, ambao Tanzania ni mwanachama wake, huilinda hata pale ambapo haijasajiliwa nchini.

Zingatia: Usajili huu ni wa aina tatu na kila mmoja hutoa haki yake. Risiti ya jina la kikoa haikupi alama ya biashara. Vilevile, cheti cha jina la biashara hakikupi ruhusa ya kutumia alama ya mwingine.

9.3 Kwa nini mfumo hukuruhusu kukosea?

Majina ya kikoa hutolewa kwa utaratibu wa anayewahi ndiye anayepata. Unapoandika jina kwenye ukurasa wa msajili, kompyuta hukagua jambo moja tu: je, limeshachukuliwa? Haiulizi kama lina chapa ya mtu. Aidha, unaposajili unakubali masharti yanayosema kwamba hukiuki haki za wengine, hivyo mzigo unabaki kwako.

Wengine hudhani kuongeza neno kunaondoa hatari. Chukua jina la kubuni "toyotaspeakahama". Neno "spea" linataja bidhaa na "Kahama" linataja mahali. Neno linalomvuta mteja ni Toyota. Kwa kawaida waamuzi huona jina la namna hiyo linafanana na alama kiasi cha kuchanganya watu.

9.4 Mambo matatu ya kuthibitishwa

Mwaka 1999, ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, lilipitisha sera ya kutatua migogoro ya majina ya kikoa iitwayo UDRP. Inahusu majina kama ya .com, .net na .org. Chini ya sera hiyo, mlalamikaji lazima athibitishe mambo yote matatu:

1. Jina la kikoa ni sawa na alama yake, au linafanana nayo kiasi cha kuchanganya watu.
2. Mlalamikiwa hana haki wala maslahi halali katika jina hilo.
3. Jina lilisajiliwa na linatumika kwa nia mbaya.

Dalili za nia mbaya ni pamoja na kusajili jina ili kumuuzia mwenye alama, kumzuia asilipate, kuvuruga biashara ya mshindani, au kuvuta wateja kwa kuwafanya waamini tovuti ni ya mwenye chapa.

Migogoro mingi hupelekwa kwenye Kituo cha Usuluhishi cha Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO), ambacho hupokea pia migogoro ya .tz. Chini ya UDRP, mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu, na shauri kwa kawaida huisha ndani ya siku 60 hivi. Jopo laweza kuamuru jina lihamishiwe kwa mlalamikaji au lifutwe. Halitozi fidia. Fidia hudaiwa mahakamani. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1999 inaruhusu mahakama kutoza kati ya dola 1,000 na 100,000 kwa kila jina lililosajiliwa kwa nia mbaya.

9.5 Kesi tatu za kukumbuka

*Kesi ya mieleka (1999–2000).* Mtu mmoja nchini Marekani alisajili worldwrestlingfederation.com, na baada ya siku tatu akaliambia shirikisho la mieleka kwamba yuko tayari kuliuza kwa dola 1,000. Hili lilikuwa shauri la kwanza la UDRP kuamuliwa na WIPO, na jina lilihamishiwa kwa shirikisho. *Funzo:* kusajili ili kumuuzia mwenye alama ni nia mbaya.

*Kesi ya MikeRoweSoft (2003–2004).* Mwanafunzi wa sekondari wa Kanada mwenye miaka 17, Mike Rowe, alisajili mikerowesoft.com kwa kuchezea matamshi ya jina lake. Microsoft ilimpa dola 10 alizolipia usajili. Yeye akataka 10,000, na mawakili wakalitumia jibu hilo kama ushahidi wa nia mbaya. Mwishoni walipatana na akaliachia jina. *Funzo:* usijibu barua ya wakili kwa kutaja bei.

*Kesi ya Nissan (kuanzia 1999).* Uzi Nissan, mfanyabiashara wa Marekani, alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa jina la ukoo wake alilokuwa akilitumia katika biashara kabla ya hapo. Kampuni ya magari ilimshtaki mwaka 1999. Alibaki na jina hadi alipofariki mwaka 2020, lakini kesi ilimgharimu miaka mingi na fedha nyingi. *Funzo:* haki halali hulinda, ila kuitetea kuna gharama.

9.6 Matumizi: Shinyanga na Geita

*(a) Majina ya mahali na ya bidhaa.* Geita, Kahama na Shinyanga ni majina ya mahali. Dhahabu, spea na almasi ni maneno ya kawaida. Jina la kubuni kama "speakahama" halina chapa ya mtu, hivyo hatari yake ni ndogo. Hata hivyo, maneno ya kawaida yakiunganishwa huweza kumtambulisha mtu mmoja. "Geita" na "gold" kila moja liko huru, lakini "Geita Gold Mine" humpeleka msomaji kwenye mgodi wa AngloGold Ashanti, na "Geita Gold FC" humpeleka kwenye klabu ya soka. Mwadui na Bulyanhulu ni mahali na pia ni migodi. Nyumba ya wageni iliyoko Mwadui ina sababu ya kutaja mahali ilipo. Anayeuza almasi kwa jina hilo ana kazi kubwa zaidi ya kujieleza. Jiulize: *mteja akisoma jina hili, atadhani tovuti ni ya nani?*

*(b) Jina la mgodi pamoja na neno "ajira".* Huu ndio mfano wa hatari kuliko yote. Vijana wengi wa ukanda huu wanatafuta kazi migodini. Tovuti yenye jina la mgodi inayowatoza "ada ya maombi" huwaibia wasio na kitu. Hapa suala huvuka mgogoro wa alama na kuwa jinai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta, udanganyifu, na ukiukaji wa haki za miliki ubunifu.

*(c) Wakala wa fedha za simu.* Kibali cha kutoa huduma ya M-Pesa hakimaanishi kibali cha kusajili kikoa chenye neno M-Pesa. Angalia mkataba wako unasemaje. Tena kibanda kimoja mara nyingi huhudumia mitandao kadhaa, hivyo jina lenye chapa moja humpotosha mteja.

*(d) Muuzaji wa spea halisi.* Katika shauri la Oki Data la mwaka 2001, jopo la WIPO lilikubali kwamba muuzaji anaweza kuwa na maslahi halali hata kama jina lake lina chapa, akitimiza masharti manne: auze kweli bidhaa za chapa hiyo, asitumie tovuti kuuza chapa nyingine, aeleze wazi uhusiano wake na mwenye chapa, na asijilimbikizie majina yote yenye chapa hiyo. Duka linalochanganya spea za Toyota na za Nissan linaanguka kwenye sharti la pili.

*(e) Majina ya zamani.* Kampuni iliyomiliki Bulyanhulu na Buzwagi iliitwa African Barrick Gold, ikawa Acacia mwaka 2014, na mwaka 2019 ikanunuliwa yote na Barrick. Usidhani jina lililoachwa ni mali isiyo na mwenyewe. Alama inaweza kuwa bado ina usajili hai, na umma bado unalihusisha jina na kampuni ileile.

9.7 Hatua za kuchukua

*Kabla ya kulipia:*
1. Tafuta jina kwenye kumbukumbu za alama za BRELA.
2. Litafute pia kwenye intaneti na sokoni.
3. Kama lina chapa ya mtu, liache au pata ruhusa kwa maandishi.
4. Buni jina lako mwenyewe, kisha lisajili kama kikoa, jina la biashara na alama.
5. Bidhaa za wengine zitaje ndani ya ukurasa: "Tunauza spea za Toyota" ni maelezo ya kweli kama kweli unaziuza.

*Ukipokea barua ya malalamiko:*
1. Usipuuze. Ukikaa kimya, jopo huamua kwa maelezo ya upande mmoja.
2. Usitaje bei.
3. Tunza ushahidi: risiti, mikataba, picha za duka na tarehe.
4. Muone wakili mapema. Kama huna haki, kuliachia jina ni nafuu kuliko kesi.

Muhtasari

Msajili hukagua kama jina liko wazi, hakagui haki. Mlalamikaji wa UDRP huthibitisha mfanano, ukosefu wa maslahi halali, na nia mbaya. Kuongeza jina la mji hakuondoi chapa. Jina lako mwenyewe ni la bei nafuu na hakuna wa kukunyang'anya kwa madai ya chapa yake.

Maswali ya marudio

1. Taja tofauti mbili kati ya jina la kikoa na alama ya biashara.
2. "Nina cheti cha BRELA cha jina la biashara, kwa hiyo siwezi kushtakiwa." Jadili kauli hii.
3. Kijana wa Katoro anauza spea za pikipiki za chapa tatu. Amesajili kikoa chenye jina la chapa moja, na kwenye ukurasa wa kwanza ameandika kwamba yeye ni wakala mkuu, jambo ambalo si kweli. Mwenye chapa amelalamika. Tumia mambo matatu ya UDRP kueleza matokeo yanayotarajiwa.

Mwongozo wa majibu

1. Kikoa ni anwani kwenye intaneti na alama hutofautisha bidhaa au huduma; .tz iko chini ya TCRA, alama husajiliwa BRELA.
2. Kauli si sahihi. Usajili wa jina la biashara hauondoi haki ya mwenye alama aliyetangulia. Toa mfano.
3. *Mfanano:* upo, kwa kuwa jina lina chapa. *Maslahi halali:* hana, kwani anauza chapa nyingine na ameficha uhusiano wake wa kweli. *Nia mbaya:* anavuta wateja kwa kujifanya wakala mkuu. Jina huenda likahamishwa. Mtahiniwa anayeishia kwenye mfanano peke yake hajajibu swali. Lazima aguse mambo yote matatu.