Bangili za Shaba Chakavu: Kwanza Tujue Shaba Yetu Imetoka Wapi



Vikundi kadhaa vimetuuliza kuhusu mradi wa mapambo ya shaba nyekundu. Ni mradi mzuri. Hautaki mashine wala stima, na si jambo geni kwetu: Wakamba wamejulikana tangu zamani kwa mikufu ya waya laini, na akina mama wa Kimaasai wamevaa masango mikononi na miguuni. Lakini mradi huu unaweza kuleta faida au kuwaletea polisi. Tofauti iko katika jambo moja: shaba ilikotoka.

SHABA SAFI NI IPI?

Shaba nyingi inayouzwa kwa siri hutolewa kwenye transfoma na nyaya zilizokatwa. Transfoma moja ikiharibiwa, friji ya chanjo katika zahanati inazima, mashine ya kusaga inanyamaza, na watoto wanasoma kwa koroboi. Mnunuzi wa shaba hiyo ameshiriki wizi, hata kama hakushika msumeno.

Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka kila mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote hiyo kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umeme. Kwa hivyo:

- Waombeni mafundi wa stima vipande vinavyobaki wakimaliza kuweka waya ndani ya nyumba.
- Mkinunua, nunueni kwa mwenye leseni na mdai risiti. Katibu aiweke kwenye faili.
- Akija mtu usiku na gunia, bei rahisi namna gani, mwambieni hapana.

NAMNA YA KUTENGENEZA BANGILI YA KUSOKOTA

Mnahitaji waya wa nyumba wa 2.5, yaani ule wa soketi, plaisi, tupa, nyundo ya mbao, msasa laini na jiko la makaa.

1. Ondoeni plastiki kwa kisu. Msiichome kamwe! Moshi wake ni sumu, hasa kwa watoto na mama wajawazito.
2. Kateni sentimita 45. Pasheni waya kwenye makaa, mkiwa kivulini mpate kuona rangi, mpaka uwe mwekundu hafifu. Utumbukizeni majini. Shaba si kama chuma cha panga. Maji hayaifanyi ngumu, inabaki laini.
3. Uloweke nusu saa katika maji ya ndimu na chumvi ili weusi utoke, halafu suuza. Chombo hicho kisipikiwe tena, na maji yake yasimwagwe karibu na kisima.
4. Kunja waya mara mbili. Bana ncha kwa plaisi, pitisha msumari kwenye kitanzi, sokota polepole. Ukiona unakaza, upashe moto tena. Ukilazimisha utakatika.
5. Kata ubaki sentimita 16. Gonga ncha ziwe bapa, zipige tupa mpaka zisikwaruze kitambaa.
6. Kunja kwenye chupa nene au mti wa mviringo. Gonga kidogo kwa nyundo ya mbao. Kugonga ndiko kunakoifanya shaba iwe ngumu na ishike umbo.
7. Piga msasa, kisha paka nta ya nyuki kidogo kwa kitambaa.

TUPIGE HESABU

Bangili moja inachukua kama gramu 10 za shaba. Tuseme kilo ni shilingi 800: shaba ya bangili ni shilingi 8 tu. Makaa, ndimu na msasa, tuseme 12. Sasa kazi: kama mwanachama anamaliza bangili 8 kwa siku, na kibarua pale kwenu ni 400, kazi ni shilingi 50. Jumla 70. Ongezeni 10 za mfuko wa kikundi: 80.

Mkiuza kwa 40 mtaona pesa mkononi, lakini mmemlipa mama yule shilingi 20 badala ya 50 yake, na mfuko wa kikundi haukupata kitu. Kitu cha thamani hapa si shaba, ni mikono yenu.

Mteja naye aambiwe ukweli. Shaba hubadilika ikawa nyeusi, na jasho linaweza kuacha rangi ya kijani inayotoka kwa sabuni. Msiseme inaponya baridi yabisi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, uliotolewa mwaka 2013, haukuona kwamba bangili za shaba zinasaidia ugonjwa huo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Hapa kwetu nani anaweza kutupatia shaba ambayo mwenyewe anajulikana?
2. Mwanachama akileta shaba asiyoweza kueleza ilikotoka, tutafanya nini? Andikeni uamuzi wenu kwenye kitabu cha kumbukumbu kabla hamjakata waya wa kwanza.
3. Siku moja ya kazi yetu tunaithamini shilingi ngapi?